Mwambie Baba Yako

"Mwambie baba yako gesi imeisha."

Baba yuko sebuleni, mlango wazi, kasikia kila neno. Mtoto anatoka jikoni, anafikisha. "Mwambie mama yako jana nimeacha elfu ishirini." Anarudi. Neno "mpuuzi" ameliacha koridoni, maana ameshajua lipi la kufikisha na lipi la kumeza. Ana miaka tisa. Mimi ni shangazi yake, na hiyo ni nyumba ya kaka yangu, Tanga.

Kaka na wifi walijisifu kwamba hawagombani mbele ya mtoto. Sawa, walikuwa wanamtuma yeye kugombana.

Wazee walishakaa kikao. Wifi akaambiwa avumilie, kaka ajishushe, pilau ikaliwa. Mtoto hakutajwa na yeyote.

Kilichowashtua ni tumbo. Kila Jumatatu linamuuma. Akapimwa malaria, hakuna, taifodi hakuna. Mwalimu wake ndiye aliyewaambia waende ustawi wa jamii. Kaka akagoma: huko si kwa wanaodaiwa matunzo? (Wengi tunadhani hivyo.) Wifi akamburuta.

Afisa, mama wa makamo, alikuta mtoto kakaa katikati yao kwenye benchi. Akamwita akae upande wake, akampa karatasi na penseli achore. Kisha akamgeukia kaka: "Haya baba, lililo moyoni mwambie mkeo."

Kaka akaanza, "Huyu mwanamke inabidi ajue..."

"Siyo mimi. Mwambie yeye."

Kaka kimya. Mtoto akainua kichwa: "Baba anamaanisha..." Hapo wifi akaangua kilio.

Wataalamu wa familia kama Murray Bowen na Salvador Minuchin, kule Marekani, waliliandika hili zamani: wawili wakishindwana humvuta wa tatu, na wa karibu huwa mtoto. Ndiyo maana ushauri nasaha mzuri hauanzi kwa kumtibu mtoto peke yake. Masharti waliyopewa yalikuwa mepesi kuyasikia: ujumbe wa wakubwa haupiti kwa mtoto, mkishindwa kuongea andikianeni meseji.

Bado wanagombana, tena kwa sauti. Tumbo linauma mara mojamoja. Juzi kaka kanipigia, "Dada, hebu mwongeleshe wifi yako..." Nikakata simu.

Kwa walio Tanzania: ulizeni afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri yenu. Kwa jambo la mtoto, piga 116, ni bure.