Pima tano za baba

Wiki iliyopita niliuegemea ukuta wa chumba ninachofanyia kazi, nikatanua mikono hadi mwisho, na mke wangu akaweka alama ya penseli kwenye ncha za vidole vyangu vya kati, kulia na kushoto. Tepu ikasoma sentimita 171, karibu sawa na kimo changu.

Nilikuwa nikitafuta maana ya neno moja la Kiingereza, fathom, kipimo cha kina cha maji. Kazi yangu ni kufasiri, na kwa siku nne lilikuwa limenikwamisha kwenye wimbo wa Ariel, yule pepo katika The Tempest, tamthilia ya Shakespeare. Ariel anamwimbia Ferdinand, mwana wa mfalme, kwamba baba yake amelala chini ya bahari, fathom tano kamili kwenda chini. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "mita tisa". Fathom moja ni futi 6, yaani mita 1.8288, ukizidisha kwa tano unapata tisa na kidogo. Hesabu ilikuwa sahihi na wimbo ukafa.

Ndipo nikalifuata neno lenyewe nyuma. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa fæðm, na lilikuwa jina la mikono miwili iliyotanuliwa. Lilikuwa pia jina la kumbatio. Katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza hicho cha kale, mtunzi anaposema ni moto tu ungeweza kuiangamiza Heorot, ile nyumba kuu ya mfalme, anatumia neno hilohilo: fæðm ya moto, moto uliofungua mikono. Ndugu zake wangali hai. Waaislandi wanasema faðmur hadi leo wakimaanisha kumbatio, na Waswidi famn. Kijerumani kilishika njia nyingine, Faden kwao ni uzi, na ukishamwona mtu akipima uzi kwa kuuvuta mkono hadi mkono huwezi kushangaa.

Mabaharia ndio waliolipeleka neno hili majini. Kamba ya bildi, ile yenye kipande kizito cha madini ya risasi cha kupimia kina, ikipandishwa, mtu huivuta kwa kutanua mikono, na kila mtanuo ni fathom moja. Baadaye kamba zikatiwa alama, na hapa ndipo nilipokaa usiku mzima nikisoma. Kwenye fathom ya 2 palifungwa vipande viwili vya ngozi, kwenye ya 3 vitatu. Ya 5 ilikuwa na kitambaa cheupe, ya 7 kitambaa chekundu cha sufu, ya 10 kipande cha ngozi chenye tundu. Rangi zilikuwa za mchana. Gizani baharia aliisoma kamba kwa vidole, akitofautisha ngozi na sufu. Chini ya risasi palikuwa na shimo dogo lililojazwa shahamu, ili bildi ikigusa chini irudi na mchanga au vipande vya kombe, na rubani ajue yuko juu ya ardhi ya namna gani. Ile alama ya fathom mbili, mark twain, maji ya kutosha kwa meli za mto Mississippi, ndiyo Samuel Clemens aliyoifanya jina lake la uandishi mwaka 1863. Alikuwa rubani wa mto huo kabla ya kulitumia jina hilo.

Challenger, meli ya utafiti ya Waingereza, ilishusha kamba Pasifiki mwaka 1875, ikagusa chini kwenye fathom 4,475. Hebu jaribu kuziona kama watu walioshikana mikono, mmoja chini ya mwenzake, hadi gizani.

Kitenzi nacho kilisafiri. Kwanza kilikuwa kukumbatia, kisha kupima kina, na kufikia karne ya 17 kikawa kuelewa jambo hadi mwisho wake. Sisi tunasema mtu amelishika somo. Waingereza walilizungushia mikono. Siku hizi wanakitumia kitenzi hicho karibu kila mara kwa kukanusha, kama baharia ambaye kamba imemwishia na bildi haijagusa chini.

Nami wakati wote huo neno nilikuwa nalo. Pima. Ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, mikono imetanuliwa, na kando yake kitenzi kupima. Nilikuwa nikilipima shairi kwa mita, hali lugha yangu ina kipimo chenye mwili kama kile cha Shakespeare. Pima yangu ni fupi kuliko fathom yao kwa sentimita 12 hivi, lakini Ferdinand hapimi kwa tepu. Anaambiwa baba yake yuko mbali kiasi gani na mikono yake.

Nimefuta "mita tisa". Baba sasa amelala pima tano kamili.