Soksi za mama mkwe, shali ya wifi

Soksi za mama mkwe zimekwisha. Shali ya wifi bado, na arobaini yake ya uzazi imekaribia. Naandika leo kwa sababu mwezi huu wa saba nyumba imejaa watu na kazi, na nisipoyaweka haya mahali yatanitoka.

Hapa Lushoto tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni baridi huingia ndani na kukaa kama mgeni asiyeaga. Mama mkwe kazaliwa na kukulia huku huku milimani, baridi anaijua vizuri, lakini miguu yake sasa haiivumilii. Alfajiri anatawadha kwa maji ya bomba yanayochoma vidole, anavaa soksi, ndipo anasimama kwenye mswala. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi mwanamke hufunika mpaka nyayo akiswali, kwa hiyo soksi zake ni za joto na za sitara kwa pamoja. Na soksi laini za sufu kwetu hazipakwi maji juu yake badala ya kuosha miguu. Lazima azivue kila anapotawadha. Kutwa nzima ni kuvua na kuvaa, na anayezivuta ni mtu ambaye viungo vya vidole vinamuuma.

Mpira wa soksi za dukani unambana na kumwachia alama iliyodidimia juu ya kifundo. Kuzivua ni kushindana nazo. Nilikuwa namtazama kila jioni akiinama pale kibarazani, na ndipo nikasema hapana, huyu atafumiwa soksi zake mwenyewe.

"Mama, naomba mguu wako."

"Wa nini tena, mwanangu?"

Nikaushika, nikaupima kwa uzi. Sikutumia futi, maana futi inakupa namba tu. Uzi unakuzungusha kwenye mguu wenyewe na unajua palipovimba na palipokonda. Mguu wake wa kulia una mfupa uliotoka kando ya kidole gumba, na soksi inayomtosha kushoto inamwonea kulia. Kwa hiyo soksi ya kulia nikaiongezea vitanzi vinne upande ule, nikavipunguza tena taratibu kuelekea vidoleni. Ukiziweka pamoja huoni tofauti. Yeye ataihisi.

Sufu yenyewe niliitoa kwenye sweta la mtumba. Siku ya gulio mimi huyageuza masweta nje ndani kabla sijauliza bei, natazama mishono ya ubavuni. Likiwa limekatwa na kupigwa ovaloki, nalirudisha kwenye rundo hata liwe zuri vipi, kwa sababu ukilifumua unapata vipande vipande vya uzi visivyofaa kitu. Ninalolitaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa na umbo lake tangu mwanzo, kisha vikaunganishwa kwa uzi. Hilo unakata fundo moja, unavuta, na linakuja lote mstari kwa mstari. Halafu nachomoa nyuzi kidogo nikazichome kwa kiberiti. Sufu ya kondoo inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu yanayosagika. Ile ya plastiki inayeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Kwa soksi napenda sufu iliyochanganywa nailoni kidogo, maana sufu tupu huisha haraka kisiginoni.

Hili la kijivu lilifumuliwa na wanangu wawili, mmoja akivuta na mwingine akizungusha uzi kwenye miguu ya kiti iliyogeuzwa juu. Likaoshwa, likaning'inizwa uani likiwa limefungiwa jiwe dogo chini ili mikunjo inyooke. Jioni baba watoto akanyoosha mikono miwili mbele, akashikilia fundo zima la uzi huku akisikiliza taarifa ya habari, nami nikazungusha donge. Hiyo ndiyo kazi yake katika soksi hizi na ameifanya bila kuguna.

Soksi nazifuma mbele za watu. Sindano zake ni tano, fupi, zina ncha pande zote mbili. Nne zinabeba vitanzi na ya tano ndiyo inayofanya kazi. Shingo ya soksi ni vitanzi viwili vya upande wa mbele na viwili vya upande wa nyuma, kuzunguka, na mtindo huo unavutika na kurudi bila mpira wowote. Hapo mikono inajua njia. Naweza kuangalia maharage jikoni, nikamsikiliza mtoto akisoma, nikamjibu jirani anayepiga hodi. Ninapofika kisigino tu ndipo nanyamaza. Nusu ya vitanzi vinakaa pembeni vikisubiri, nusu nyingine inafumwa peke yake kwenda na kurudi, na kila kitanzi cha pili kinarukwa bila kufumwa ili uzi upite nyuma yake na kitambaa kiwe kinene mahali panapolika. Kisha mistari mifupi, kila mmoja ukienda mbele kidogo kuliko uliotangulia, na kitambaa kilichokuwa bapa kinaanza kupinda chenyewe. Nimekwisha fuma visigino vingi na bado hapo huwa nasimama kukitazama. Hakuna mkasi, hakuna mshono, na umbo la kisigino cha mtu limekaa pale.

Tuna paka wawili. Ukungu ni jike la kijivu, mzee, na Bungo ni dume la rangi ya chungwa, bado kijana. Bungo akiona sufu imelala pajani anakuja kuikanda kwa mikono ya mbele, macho nusu yamefumba. Ndivyo watoto wa paka wanavyofanya kwenye tumbo la mama yao maziwa yashuke, na wengine hawaachi hata wakikua. Namwachia kipande chake cha sweta lililobaki, anakanda hicho. Donge la uzi lenyewe hukaa ndani ya birika la zamani lenye mfuniko, na uzi unatokea mdomoni mwake. Hilo si pambo. Afisa mifugo aliyekuja kwa jirani alituonya: ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma, akishaanza kumeza uzi hawezi kuutema kirahisi, na ukinasa chini ya ulimi huku ncha nyingine imeshuka, utumbo unajikunja juu ya uzi na unaweza kukatika. Mkiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, akasema, msiuvute hata kidogo, tafuteni daktari. Wanangu wanalijua neno hilo kwa moyo, na vipande vya uzi sakafuni wanaviokota wao.

Ukungu ni wa mama mkwe. Kila alfajiri anamfuata bombani, na kopo la kutawadhia likishajaa anaweka mdomo. Mama humwinamishia kopo mpaka amalize, kisha anatawadha kwa maji yaliyobaki. Nilipoolewa nilishangaa, na yeye akaniona, akanihadithia habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume. Aliingia nyumbani, na mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab, akamwekea maji ya udhu. Paka akaja kunywa, Abu Qatada akamwinamishia chombo. Kabsha akawa anamtazama. Abu Qatada akamwuliza kama anashangaa, kisha akamwambia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wale wanaowazunguka majumbani mwenu. Mkwe anamwambia mkwe. Na mimi niliambiwa na mkwe wangu, pale pale bombani, kopo likiwa mkononi. Tangu siku ile paka akipita kati ya miguu yangu nikiwa na sindano, simfukuzi. Nasimamisha mkono apite.

Shali ni habari nyingine. Wifi yangu alijifungua mtoto wa kike na akaja kwa mama yake kukaa arobaini, kama inavyotakiwa. Asubuhi anakandwa kwa maji ya moto na mafuta, anapewa uji wa pilipili manga, nyumba nzima inanuka tangawizi. Nikataka atoke arobaini na kitu cha mabegani, chepesi, cheupe, chenye matundu ya nakshi.

Nakshi ya matundu haifumwi mbele za watu. Kila tundu unalipata kwa kuuzungusha uzi juu ya sindano mara moja, na hapo umeongeza kitanzi. Basi mahali fulani kwenye mstari huo huo lazima vitanzi viwili vifumwe pamoja, la sivyo shali inapanuka upande na haieleweki. Ukiviweka viwili hivyo kabla ya tundu, mstari unalala kulia. Ukiviweka baada yake kwa kuvipindua, unalala kushoto. Majani, almasi, mawimbi, vyote ni hayo tu yakipangwa. Lakini unahesabu kila kitanzi, na mtu akikuuliza chumvi iko wapi hesabu imekwisha.

Kwa hiyo shali ni ya usiku, watoto wamelala, taa moja sebuleni. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Kumbe wifi naye hulala kwa vipande, mtoto akiamka anakuja kukaa nami amnyonyeshe penye mwanga.

"Wifi, hujalala?"

"Huyu hajaniruhusu."

Tunakaa hivyo. Najibu nikimaliza mstari, naye ameshajua kusubiri. Kuna usiku alinisimulia uchungu wote wa kujifungua, kuanzia bodaboda mpaka kilio cha mtoto, akikatisha maneno kila ninapoanza mstari wa matundu na kuendelea ninapofuma mstari wa kurudi, ambao hauna nakshi. Mchana hatujawahi kuzungumza hivyo.

Na kwa kumtazama akinyonyesha nikaibadilisha shali. Mtoto mchanga anafumba na kufumbua vidole muda wote, na kidole kikiingia kwenye tundu kubwa kinaweza kuzungukwa na uzi. Visiwani Shetland, kaskazini mwa Uskoti, hasa kisiwa cha Unst, wamefuma kwa vizazi shali nyembamba kiasi kwamba ile nzima inapita ndani ya pete ya ndoa. Naziheshimu sana. Lakini shali itakayotanda juu ya kichwa cha mtoto anayenyonya nimeifuma kwa uzi mnene zaidi na sindano nyembamba, matundu madogo yasiyopitisha hata kidole chake kile cha mwisho, na sehemu ya kifuani nimeifuma wazi bila nakshi. Matundu makubwa yako pembeni, yatakapolala mgongoni.

Kila nikimaliza jani moja zima napitisha uzi wa pamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote na kuuacha humo. Juzi Bungo aliruka kutoka dirishani akatua katikati ya shali, sindano ikachomoka yote. Vitanzi vikawa wazi, vingine vimeshaanza kuteleza chini. Wifi akashika mdomo. Nikavuta uzi taratibu, mstari baada ya mstari, mpaka ule wa pamba wa bluu, na pale vitanzi vyote vilikuwa vimesimama vikingoja. Nikavirudisha kwenye sindano na kazi ikaendelea usiku ule ule.

Mwanangu wa darasa la nne aliniuliza nani aligundua soksi. Aliyeanza simjui kwa jina, lakini nilimweleza kwamba jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina soksi nyekundu za sufu zilizochimbuliwa Misri, mahali panapoitwa Bahnasa, na umri wake unapita miaka 1,500. Zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, njia tofauti na hii ninayoitumia mimi, na zina kidole gumba kilichotengwa na vingine ili mtu avae kandambili. Kutoka Misri hiyo hiyo, karne nyingi baadaye, zikaja soksi za pamba za bluu na nyeupe zilizofumwa hasa, na vipo vitambaa vya kufumwa vya zama hizo vilivyotiwa jina la Allah ndani ya nakshi yake. Hilo la jina lilimgusa mama mkwe, akaomba nirudie. Mtoto alishika la kandambili.

Jana baada ya Isha mama akazivaa. Akazivua. Akazivaa tena, kwa mkono mmoja safari hii, akashika shingo ya soksi kwa vidole viwili na ikashuka bila kuvutana. Akasema, "Hizi zimenijua." Kisha akaniombea dua ndefu, na kwenye dua akamtaja mama yangu mzazi kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu.

Shali imebakiza ukingo. Ukiisha nitailowanisha kwa maji ya uvuguvugu, nitaikamua ndani ya taulo, nitaitandaza juu ya godoro na kuivuta kwa pini pande zote mpaka ikauke, kwa sababu matundu hayafunguki mpaka yavutwe yakiwa mabichi. Chumba kitafungwa, Bungo atakuwa nje. Mwanangu naye ameshachora soksi anayoitaka, yenye kidole gumba peke yake, ya kuvalia kandambili asubuhi akienda kuchota maji. Sufu ya kijivu iliyobaki haimtoshi. Siku ya gulio natafuta sweta jingine, na amesema liwe jekundu.