Sauti huokolewa kwenye hedi

Wengi wakitaka kuhamishia kaseti zao kwenye kompyuta, swali la kwanza huwa ni programu gani itumike. Mimi naona programu ni jambo la mwisho. Audacity inapatikana bure na inatosha. Sauti hupotea au huokolewa pale utepe unapogusa hedi, kile kipande cha chuma ndani ya mashine kinachosoma sauti, na ambacho hedi haikukisoma hakuna programu itakayokirudisha. Nayaandika haya leo nikifikiria kanda za taarab, mawaidha na harusi zilizojaa makabatini mwa watu, nyingine zimebakiwa na nafasi moja tu ya kuchezwa vizuri.

Kwanza vunja vile vijino viwili vilivyo mgongoni mwa kaseti, kama bado vipo. Bila hivyo, kidole kikiteleza kwenye kitufe cha kurekodi, umefuta. Halafu tazama utepe kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe uliozungushwa, hiyo ni kuvu, na huku pwani tunaijua sana. Kaseti hiyo usiiweke kwenye mashine, maana kuvu itabaki humo na kuhamia kwenye kaseti inayofuata. Itenge, iache ikauke mahali pasipo na unyevu, na ukiifungua vaa barakoa.

Iliyo safi izungushe mpaka mwisho kisha uirudishe mwanzo kabla ya kuicheza, ili utepe ulioshikana uachane. Kwa kaseti za dakika 120 nenda polepole: utepe wake una unene wa mikroni 9 tu, wakati ule wa dakika 60 una 18, kwa hiyo huvutika na kujiviringisha kwenye roli kwa urahisi. Angalia pia kile kipande kidogo cha sufi kilicho mdomoni mwa kaseti, kinachokandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake huzeeka kikadondoka, na hapo sauti inafifia na kurudi, inafifia na kurudi. Dawa ni kuuhamishia utepe kwenye gamba jingine lililofungwa kwa skrubu. Utepe uliokatika uungwe kwa selotepu maalumu ya kuungia kanda, upande wa nyuma usiogusa hedi. Selotepu ya kawaida ya dukani hutoa ulimbo baada ya muda na kunasisha tabaka za jirani.

Kwa mashine, tafuta deki ya mezani yenye matundu ya kutolea sauti, jekundu na jeupe. Vile vichezea kaseti vidogo vya bei rahisi vyenye waya wa USB sivipendekezi, kwani mwendo wake hauko thabiti na sauti ya mwimbaji huyumba. Safisha hedi, kile kijiti cha chuma kinachozunguka na roli ya mpira kwa pamba na spiriti, mpaka pamba itoke bila rangi ya kahawia. Mwendo ukiwa mzito au unapepesuka, mara nyingi ni mkanda wa mpira wa ndani uliolegea, ubadilishwe.

Sasa tufike kwenye jambo linalorukwa na karibu kila mtu: mwinamo wa hedi. Hedi inatakiwa isimame wima kabisa dhidi ya utepe, lakini kila deki imeinama kidogo kwa namna yake. Maduka ya kaseti ya Mombasa yalikuwa yakirekodi taarab za harusini na kuzinakili kwa wateja, kwa hiyo nakala uliyo nayo imebeba mwinamo wa deki ya dukani. Ukiicheza kwenye deki yako, sauti nyembamba zinakufa: ala za nyuzi kama kanuni na fidla zinakuwa kama ziko nyuma ya pazia, na herufi s haisikiki sawasawa. Pembeni mwa hedi kuna skrubu yenye springi. Kaseti ikiwa inacheza, unganisha njia mbili za sauti ziwe moja, vaa spika za masikioni, kisha zungusha skrubu hiyo kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko, kushoto na kulia. Utafika mahali ambapo sauti inang'aa ghafla. Acha hapo. Rudia kwa kila kaseti, na hata kwa upande B. Kitufe cha Dolby, cha kupunguza ule mlio wa "sss" wa utepe, kizime isipokuwa una hakika kaseti ilirekodiwa nayo; kikiwashwa bure hula sauti zilezile nyembamba ulizohangaika kuzipata.

Waya uingie kwenye kifaa cha sauti cha USB. Tundu la maikrofoni la laptopu mara nyingi ni la njia moja na hukwaruza sauti. Ukisikia mvumo wa umeme, chomoa chaja na utumie betri. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, vilele vya sauti vikicheza karibu na desibeli -6 na visiguse sifuri kamwe. Saa moja itachukua takriban gigabaiti moja katika WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa. Zima ile hali ya kompyuta kujilaza, maana kurekodi kwaweza kukatika katikati ya wimbo.

Faili hiyo ya kwanza isiguswe. Usafi ufanyie kwenye nakala, na uwe mdogo: ukipunguza ule mlio wa "sss" kwa desibeli 6 inatosha. Ukizidisha, udi unapoteza mguso wa kidole kwenye uzi, na mguso huo ni sehemu ya muziki. MP3 itengenezwe mwishoni, ya kutumiana kwenye simu.

Piga picha gamba na karatasi yake, na jina la faili liwe na mwimbaji, mahali, mwaka kama umeandikwa, na upande. Weka nakala kwenye diski mbili zilizo nyumba tofauti. Kaseti yenyewe usiitupe: izungushe mpaka mwisho, isimamishe wima ndani ya kasha lake, mbali na spika, kwa sababu sumaku yake hufuta.