i7 ya lini, kaka?

Baba Neema kwenye suala la kununua kompyuta ana neno moja tu: HP. Ukimuuliza HP ipi, anakujibu HP ni HP, mbona ofisini kwao zinapiga kazi tangu enzi. Sawa, lakini HP anayoisema yeye ni familia nzima, ina watoto wa kila tabia.

Kariakoo nilikuta laptopu mbili za mtumba zimewekwa bega kwa bega, EliteBook 840 G4 na EliteBook 840 G5. Nembo ileile, na ukizitazama kwa haraka ni pacha. Ile G4 ilikuwa na stika ya i7, yaani daraja la prosesa ya Intel, ule ubongo wa kompyuta, na muuzaji aliitaja bei yake kwa madaha. "Dada, hii ni i7. Hiyo nyingine ni i5 tu."

Nikamuuliza, i7 ya lini, kaka? Tukaiwasha. Ilikuwa i7-7500U, yaani ya kizazi cha saba, na ina viini viwili tu, yaani vichwa viwili vya kugawana kazi. Hiyo "i5 tu" ilikuwa i5-8250U, ya kizazi cha nane kilichotoka 2017, nayo ina viini vinne. Juu ya hapo, Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha nane, prosesa za kizazi cha saba zinazokubaliwa ni za kuhesabu. Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Sasa nilipe zaidi kwa ajili ya herufi moja na namba moja ya kwenye stika?

Duka la jirani walikuwa na mpya za kwenye boksi, za kampuni kubwa, nyembamba, zinang'aa, na waranti juu. Ndani: prosesa ndogo ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa kwenye bodi. GB 4 na GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa cha kuendesha Windows 11. Neema wa kidato cha tatu akifungua somo lake na mimi nina faili la hesabu za vitambaa, mashine imeshaanza kuhema. Na hifadhi hiyo huwezi kuibadilisha.

Nikarudi kwenye G5. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua Task Manager, nikaingia Performance, kisha Memory. Pale chini pameandikwa nafasi za RAM zilizotumika: 1 kati ya 2. Hapo ndipo niliposema hii ni yangu, maana GB 8 za leo naweza kuzifanya 16 mwakani bila kutupa kitu. SSD, ile hifadhi ya kasi, ilikuwepo tayari. Kisha kwenye Command Prompt nikaandika powercfg /batteryreport, na ripoti ikaonyesha betri iliyotoka kiwandani na uwezo wa Wh 50 (kipimo cha umeme inaoubeba) sasa inajaa 31. Muuzaji aliitazama ile ripoti, akanitazama, akashusha bei kabla sijafungua mdomo.

Kompyuta ya mezani hatukuijadili sana. Kwa umeme wa mtaani kwetu, betri ya laptopu ndiyo UPS yangu, umeme wa akiba ukikatika.

Nembo nayo ina kazi yake, ila ni kwenye vipuri. 840 zimejaa mjini, na mafundi wanazifungua huku wakipiga soga. Betri mpya niliipata ngazi moja juu ya duka lilelile, na siku mdogo wake Neema akiimwagia kibodi uji, najua pa kwenda.