Ushuhuda Nilioutoa Mapema Mno

Jumapili moja ya Julai 2018, nikiwa nimetimiza siku 19 bila pombe, niliitwa mbele ya kanisa moja hapa Moshi, nikapewa kipaza sauti na kuombwa niwaeleze watu jinsi Bwana alivyonifungua. Nilieleza. Nilisema kwamba kiu imeng'olewa pamoja na mizizi yake, kwamba hata harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inanichefua, na kwamba ule mkesha nilioombewa ndio uliokomesha yote. Vigelegele vilipigwa, akina mama wakapunga khanga, na mke wangu akalia kwa furaha akiwa benchi la tatu. Siku ya 26 nilikuwa nimeketi nyuma ya kibanda cha gongo karibu na reli, na kilichoniuma kuliko kitu chochote ni kwamba sikujua tena pa kulipeleka anguko langu, kwa kuwa mahali pekee nilipozoea kwenda kulia palikuwa pameshanitangaza kuwa nimepona.

Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba Mungu huwaponya walevi, na mimi mwenyewe sijaonja pombe tangu Agosti 2019. Ninaandika kwa sababu nimewaona wengine wakipewa kipaza sauti kama nilivyopewa, kisha wakatoweka kanisani bila mtu kuuliza wamekwenda wapi.

Kwetu Kibosho pombe haikutoka mbali. Mbege ya ndizi mbivu, ulezi uliooteshwa na uchungu wa gome la mti wa msesewe ilikuwapo kwenye mahari, kwenye matanga, na hata kwenye sherehe za ubatizo, na kata ya kunywea ilipita kwa wazee kwanza, kila mmoja kwa nafasi yake. Sitailaumu kata ya babu, kwa sababu babu alikunywa mbele ya watu na watu walimwona. Mimi niliharibika nilipoanza kunywa peke yangu. Viroba, yaani pombe kali ya pakiti ndogo za plastiki, viliniwezesha, kwa kuwa viliingia katika mfuko wa shati, vikauzwa kwa bei ya chai na andazi, na ofisini hakuna aliyejua kwamba karani anayejumlisha hesabu za mauzo amekwisha kumaliza vitatu kabla ya saa nne asubuhi. Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, mama yangu alipiga magoti kwenye kihamba, katikati ya migomba, akamshukuru Mungu kwa niaba yangu. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimehamia kwenye gongo.

Kuhusu ule mkesha, lipo jambo ambalo viongozi wa maombi wanapaswa kulijua, kwa sababu linahusu uhai wa mtu. Niliambiwa niache pombe siku hiyohiyo na nifunge siku tatu bila kula wala kunywa maji. Usiku wa pili mikono ilitetemeka hata nikashindwa kushika kitasa cha mlango, jasho likanilowesha, nikaona siafu wakipanda ukutani kwa safu ndefu na nikawa najipangusa miguu nikipiga kelele. Walionizunguka walisema pepo anatoka, wakaongeza sauti ya maombi. Daktari alinieleza baadaye kwamba ubongo uliozoea pombe kila siku kwa miaka mingi hujipanga kupingana na usingizi wa pombe, na pombe inapoondolewa ghafla unabaki umewaka bila breki. Degedege laweza kumpata mtu ndani ya saa 48 za kwanza, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne akili inaweza kuchafuka, akaona na kusikia visivyokuwapo. Asipopata matibabu anaweza kufa. Kumnyima maji na chakula mtu wa namna hiyo ni kumwongezea hatari, hasa kwa kuwa mlevi wa muda mrefu huwa amepungukiwa vitamini B1, na upungufu huo unaweza kumharibia kumbukumbu kabisa. Wale ndugu walinipenda, nami siwashtaki. Lakini wapo watakaosoma haya wakiwa wamepanga mkesha wa Ijumaa hii, nami nawasihi: mpelekeni kwanza hospitali, kisha mkesheni naye huko.

Baada ya anguko nilikaa karibu mwaka mzima bila kukanyaga kanisani. Aliyenifuata alikuwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mtu mpole aliyezidi miaka 70. Alikuja bila mafuta ya upako na bila Biblia, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa barazani, akanyamaza kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "mimi nililinywa shamba la kahawa la marehemu baba. Lilipokwisha, nikamnywa ng'ombe. Sikuja kukuhubiria. Nauliza tu, leo umekunywa?"

"Nimekunywa, baba."

"Haya. Nitakuja kesho."

Akaja kesho, na keshokutwa, na siku zilizofuata, kila jioni swali likiwa lilelile. Siku nilipomjibu kwamba nataka kuacha, alinipeleka hospitali kwa bodaboda, yeye akiwa nyuma yangu amenishika mabegani kama mtoto. Nilipewa dawa ya kutuliza mitetemeko ambayo kipimo chake kilipunguzwa siku hadi siku, nikachomwa sindano za vitamini, naye akaomba kwa sauti ya chini kando ya kitanda, bila kumkemea mtu wala pepo, akimwomba Mungu anipe usingizi.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma jinsi chama cha walevi wanaoacha pombe kilivyozaliwa katika mji wa Akron, Ohio, nchini Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa na miezi mitano tu bila pombe, yuko safarini, biashara imemwendea vibaya, na kiu imempanda. Akatambua kwamba asipompata mlevi mwingine wa kuzungumza naye atakunywa. Kwa msaada wa watu wa kanisa alikutanishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith, ambaye alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo. Hatua 12 zilizotokana na hao zinaanza kwa mtu kukiri kwamba ameishiwa nguvu mbele ya pombe, na ya tano inamtaka aungame makosa yake kwa Mungu, kwa nafsi yake na kwa mtu mwingine. Mzee wetu hakuwahi kusikia habari zao. Alichokuwa nacho ni Yakobo sura ya 5, mahali tunapoambiwa tuungamiane dhambi na kuombeana ili tupate kuponywa, naye alilichukua neno hilo kama agizo la kufanyiwa kazi jioni ile ile.

Yeye ndiye aliyenibadilisha namna ya kuomba. Zamani niliomba kufunguliwa mara moja na milele, na kila nilipoanguka nilihesabu kwamba Mungu amenikataa au imani yangu ni bandia. Alinionyesha neno nililolikariri tangu kipaimara pasipo kulisikia: utupe leo riziki yetu. Leo. Nikaanza kuomba kutokunywa kama ninavyoomba chakula, kwa siku moja, asubuhi kabla sijavaa viatu, na usiku kushukuru kwa siku hiyohiyo moja. Akanikumbusha pia kwamba katika Wagalatia sura ya 5 kiasi kimehesabiwa katika tunda la Roho, na kwamba sisi wenye migomba tunajua mkungu huchukua miezi, tena mgomba hutaka kuwekewa nguzo ukilemewa. Nilihitaji nguzo. Naye alikuwa nguzo.

Yalikuwapo magumu ambayo hakuna aliyenitayarishia. Kubwa lilikuwa Meza ya Bwana. Kikombe kilipokaribia, harufu ya divai ilinifikia kabla ya maneno ya mchungaji, na mate yakajaa kinywani; nikaona aibu isiyoelezeka, kwamba mwili wangu umekigeuza kikombe cha Bwana kuwa kilabu. Wiki nne nilibaki benchini wakati wengine wakienda mbele. Hatimaye nilimweleza mchungaji, naye hakushangaa hata kidogo. Alisema Kristo hagawanyiki, kwamba anayepokea mkate peke yake amempokea Bwana mzima, na tangu hapo kikombe kinaponifikia nainamisha kichwa nacho kinapita. Najua wapo wengine wanaobaki benchini kwa sababu hiyohiyo na kuhesabiwa kuwa wamepoa kiroho.

Jingine lilikuwa kaka yangu, ambaye niliuza pikipiki yake kwa siri na kumwambia imeibwa. Kumwomba Mungu msamaha ilikuwa rahisi kuliko kumwendea yeye. Nilikwenda kwake Desemba, ndugu wote wakiwa wamepanda nyumbani, nikiwa nimeshika jani la sale, na kwa Mchagga jani hilo likiwekwa mkononi mwako kusamehe si hiari tena. Alilishika muda mrefu akilitazama, akilikunja na kulikunjua. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa tunakutana Alhamisi jioni, watu saba au wanane, kwenye chumba cha shule ya Jumapili chenye viti vya watoto. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayesimamishwa kanisani kutoa ushuhuda kabla ya mwaka kutimia, hata kama mchungaji ataomba, na kwamba aliyeanguka huzungumza wa kwanza. Si wote ni wa pombe. Mwezi uliopita alikuja kijana wa unga, yaani heroini, arosto ya kuikosa imemkaba, anajikunja kwenye kile kiti kidogo. Baadhi yetu walitaka aombewe aachane na dawa zote. Nilisimama kupinga, kwa kuwa methadone, ambayo hapa nchini ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na sasa inapatikana katika mikoa kadhaa, ni dawa ya kumtuliza aliyezoea heroini, ambayo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, nayo humpa mtu utulivu wa kutosha kusikiliza hata maombi yenyewe. Tuliomba, kisha tukapanga nani atakwenda naye kliniki na nani atalipa nauli.

Alhamisi iliyopita alichelewa. Aliingia taratibu, akaketi karibu na mlango, na kabla hatujaanza akasema kwamba Jumamosi alirudia. Hakuna aliyeguna. Mzee wetu, ambaye siku hizi haoni vizuri, aligeuza uso kuelekea ilikotoka ile sauti.

"Na leo?" akauliza.

"Leo bado, babu."

Mzee akakivuta kiti chake hadi karibu na mlango, nasi tukavivuta vyetu, tukaanza kuomba.