Mvizia, mnyama wangu wa baridi

Mazimwi mengi ya nchi za baridi, kwenye michezo ya kusimulia hadithi kwa dadu, ni mazimwi ya kawaida yaliyopakwa chokaa. Manyoya meupe, macho ya buluu, kinywa kikifunguka inatoka barafu. Joka jeupe linalopuliza baridi limekuwepo tangu mchezo wa Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, na sisi wasimulizi tumelinakili hadi leo bila kuuliza swali ambalo mfugaji yeyote angeliuliza kwanza: hili linakula nini? Mwili wa tani kadhaa, juu ya barafu tupu, na mlo wake wa kwanza mwaka mzima ni mashujaa wanne waliopotea njia. Haiwezekani, lingekuwa limekufa njaa kitambo.

Sisi huchezea kwangu, mtaa wa Umoja, Nairobi, Jumamosi jioni. Mimi ndiye msimulizi: naeleza dunia ilivyo, wenzangu wanasema mashujaa wao wanafanya nini, na penye shaka dadu ya pande 20 inaamua. Kati yetu yuko fundi wa friji ambaye wiki nzima hushinda kwenye vyumba vya baridi vya wauza nyama na samaki. Nilipotangaza kwamba safari ijayo ni ya mlima wa theluji, nikamwomba anieleze baridi huingiaje mwilini. Alinikata papo hapo. "Buda, baridi haiingii popote. Joto ndilo hutoka. Kazi yangu ni kulitoa tu."

Basi zimwi langu, Mvizia, nikaanza kumtengeneza kwa hesabu ya joto. Mnyama mwenye damu moto akiishi kwenye baridi, sehemu kubwa ya anachokula huishia kupasha mwili, kwa hiyo wanyama wa huko wameumbwa kwa ubahili. Mbweha wa Aktiki ana masikio mafupi ya mviringo na pua fupi. Mbweha mdogo wa Sahara ana masikio yaliyopita kipimo, kwa sababu yeye shida yake ni kumwaga joto. Kwenye miguu ya yule wa Aktiki, mishipa inayoshusha damu moto imepita ubavuni mwa ile inayorudisha damu baridi, hivyo joto linarukia upande wa pili na kurudi mwilini kabla halijafika kwenye nyayo. Fundi aliposikia hayo alicheka, akainuka, akavuta friji yangu kutoka ukutani ili atuonyeshe nyuma: kile kibomba chembamba kimechomelewa kwenye bomba nene linalorudi kwa kompresa, na vinabadilishana joto njia nzima. Tulipoteza nusu saa hapo. Niligundua pia kwamba nyuma ya friji yangu kuna vumbi la kuaibisha.

Mlima wenyewe nimeujenga juu ya Mlima Kenya, maana theluji ya Siberia sijaikanyaga mimi wala wenzangu. Na kwa mtengeneza mazimwi Mlima Kenya una utamu ambao ncha ya dunia haina. Wataalamu wa mimea husema huko juu ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Jua la ikweta linachoma ngozi saa sita, na usiku uleule maji yanaganda. Mimea imejipanga kwa zamu hiyo. Senesio haiangushi majani yake makavu, inayaacha yaning'inie yazungushe shina na kulihifadhi. Kuna lobelia inayoweka maji katikati ya majani yake. Usiku maji yanaganda juu tu, na chipukizi la chini linanusurika. Mnyama atakayeishi hapo hawezi kuwa wa baridi tu. Lazima ajue kuukwepa mchana.

Mvizia nimempa uzito wa simba jike, miguu mifupi, nyayo pana, mkia mrefu wa kujifunika pua akilala, nilioukopa kwa chui wa theluji. Rangi ni ya mawe yenye sakitu, kijivu chenye madoa. Weupe mtupu ungemwanika mchana, theluji ikishayeyuka. Chakula chake ni pimbi, ambao wapo tele kwenye mabonde ya juu, na swara mmoja mmoja akipanda kimakosa. Hiyo ni riziki finyu. Kutokana na ufinyu huo tabia zake zote zilijileta zenyewe.

Kwanza, ni mwoga. Mwindaji asiye na akiba hawezi kuthubutu kuumia, kwani akivunjika mguu hawindi tena, na asipowinda wiki chache habari yake imekwisha. Kwa hiyo Mvizia ana alama 60 za uhai lakini akipoteza 10 tu anaondoka zake. Wachezaji wangu, waliozoea zimwi linalopigana hadi tone la mwisho, walikasirika kweli. Mmoja alisema huo si ushindi. Nikamwambia ni kweli, si ushindi, atarudi saa tisa usiku.

Pili, hakimbii mbali. Dubu mweupe ana manyoya mazito na mafuta mengi chini ya ngozi hivi kwamba akikimbia kwa muda anapata joto kupita kiasi, na mara nyingi huwinda kwa kukaa kimya kando ya tundu la barafu akimsubiri sili, mnyama wa baharini, aje kuvuta pumzi. Hapo nilipata udhaifu wa Mvizia bila kumtilia mambo ya "anaogopa moto". Anayetaka kumuua amkimbize juani saa sita mchana. Kila raundi ya mbio ninarusha dadu upande wake, na zikimwendea vibaya mara tatu analala chini akihema. Hakuna upanga unaohitajika, ila mashujaa watajuaje? Dalili zipo: mchana hujibanza kwenye mapango ya barafu, na njia zake kamwe hazipiti mteremko unaopigwa na jua.

Sasa moto. Chatu wetu wa Afrika ana vishimo kwenye mdomo vinavyohisi joto la mawindo hata gizani. Mvizia nimempa vivyo hivyo. Kwenye jabali lililoganda, mwili wa mtu unajitangaza kutoka mbali. Moto haumtishi, unampumbaza, kwa sababu joto lake linafunika la kwako. Ukikaa karibu na kuni zinazowaka hakuoni vizuri. Ukienda haja hatua 20 gizani, umejitaja. Na juu ya mpaka wa miti hakuna kuni. Unabeba kutoka chini, au unakata senesio, ambayo katika dunia yangu inatoa moshi mwingi na joto haba.

Kwenye meza haya yote yanashikwa na vizibo vya soda. Kila shujaa anaanza na vizibo 8 vya joto. Usiku bila moto unakula viwili, usiku wa kushtushwa na kuamka unakula kimoja, koti lililolowa linakula viwili zaidi. Hilo la koti linawakamata sana wana Nairobi. Wote wamewahi kununua koti nene la mtumba Gikomba, wanadhani unene ndio ulinzi. Shujaa wa binamu yangu alipanda mlima mchana na koti la manyoya ya bata mwilini, akatoka jasho vizuri, na manyoya ya bata yakilowa hayahifadhi tena joto. Giza lilipoingia nikanyoosha mkono nikachukua vizibo vyake viwili. Hakusema kitu. Alivikusanya vilivyobaki, akavifunika kwa kiganja, na akakaa hivyo hadi tulipomaliza, chai yake akiinywa kwa mkono wa kushoto.

Utagundua kwamba sijataja makucha. Yapo, yanatoa dadu moja ya pande 8, madhara ya kawaida kabisa. Mvizia haui kwa makucha. Anaangusha mawe karibu na kambi ili mwamke, anaburuta gunia la kuni, anatokea upande ambao mkimkimbilia mtalowa jasho. Kisha anakaa mbali na kuacha usiku ufanye kazi. Nyama ikishaganda haiozi, atakula polepole.

Mwanzo wa safari niliupata kwenye kisa cha kweli. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, alikuta mzoga wa chui ulioganda karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, juu sana kuliko mahali chui anapotafuta riziki. Kwangu mashujaa wanaanza hapohapo, mbele ya chui aliyeganda, mwili haujaliwa, bila jeraha la wazi. Wakimkagua kwa makini na dadu ikikubali, wataona nyayo zake zimechubuka na kwamba alikuwa akipanda akitorokea kitu kilichokuwa nyuma yake, bondeni.

Kilichobaki ni watoto. Jike mwenye watoto wawili hatoshelezwi na pimbi, na nikipiga hesabu ileile ya chakula naona hana budi kushuka hadi kwenye mazizi ya kondoo chini ya msitu, kwenye joto linalomdhuru, usiku wa mvua tu. Wanakijiji watalipa fedha nyingi auawe. Sijaamua kama watoto watakuwa pangoni au watakuwa nyuma yake, mlangoni mwa zizi, wakifundishwa. Kama wewe ni mmoja wa wanaocheza kwangu Jumamosi, aya hii hukuisoma.