Jitahidi

Nalichukia neno "Jitahidi", na kila siku naliandika. Madaftari 68 ya darasa la tatu, ofisi ya walimu joto, uji unapoa pembeni. Ukifika la 40, mkono unaenda wenyewe tu: vema, vema, kosa, Jitahidi, saini.

Leo daftari la kijana mmoja limenisimamisha. Kakosa yote:

52 − 27 = 35
64 − 38 = 34
81 − 46 = 45

Nilishaandika ile J nilipoona kwamba hakubahatisha. Mbili toa saba haiwezekani, basi kageuza: saba toa mbili, tano. Nne toa nane, kageuza tena. Kanuni moja, mwanzo hadi mwisho, wala hakuyumba.

Nikamwita. "Baba, hebu nieleze, hapa ulifanyaje?" (Zamani ningeuliza "mbona umekosa?", naye angeangalia viatu vyake.)

"Mwalimu, si ulisema tunatoa ndogo kwenye kubwa?"

Nilisema. Jumatatu, mbele ya darasa zima, tena kwa sauti.

Nikatoa vijiti vya kuhesabia: mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa kwa mpira, na viwili vya pembeni. "Nipe 27. Anza na saba." Akanipa viwili, akakwama, akanitazama. Nikanyamaza, na kwa domo langu hili hiyo ni kazi. Akashika fungu moja. "Naruhusiwa kufungua?"

"Fungua."

Akakamilisha saba, akaniongezea mafungu mawili, kisha akahesabu yaliyobaki mezani. "Ishirini na tano." Akaiangalia 35 yake, akacheka peke yake.

Mchana nikampa lingine. Akaleta 70 − 24 = 56. Mamoja sawa, ila makumi kasahau kuyapunguza. Safari hii nikaandika: "Mamoja umepatia. Ulipofungua fungu moja, yalibaki mangapi?" Sentensi mbili hizo zimekula muda wa madaftari matatu, na sitadanganya: wenzake wengi leo wameambulia saini tu. Labda watano kwa siku nitawaweza, kwa zamu.

Kengele ya kwenda nyumbani imelia, yeye yuko mlangoni na daftari. Ile 7 kaikata, juu yake kaandika 6 ndogo, na palipokuwa na 56 karatasi imetoboka kwa kufutwa. Pembeni ya tundu kaandika 46.